Makro iliyomaliza kimya: majibu kwa wasomaji wa SAS na Stata

Barua za safari hii, kutoka kwa wanaotumia SAS na Stata, programu mbili za kuchambua takwimu, karibu zote zina lalamiko moja lililovaa nguo tofauti: programu imekubali, logi (ripoti ya programu kuhusu ilichofanya) haina hata mstari mwekundu, lakini namba zimekataa. Tunaanza na ile iliyotuchukua muda mrefu zaidi, inayohusu makro: kipande cha msimbo kinachoandika msimbo mwingine.

Nina faili za miezi 12 kwa kila wilaya kati ya tano za Dar es Salaam. Makro ya nje inazunguka wilaya, ya ndani inazunguka miezi. Ilala inakamilika vizuri, halafu kazi inaisha hapo hapo. Hakuna kosa lolote kwenye logi. Nimeambatanisha msimbo.
*Mchambuzi wa data, Mikocheni*

Makro zako zote mbili zina kaunta inayoitwa `i`, na hiyo `i` ni moja tu. SAS ikikuta `%do i` ndani ya makro, inaangalia kwanza kama makro iliyoiita ina `i` yake. Ikiikuta, inaitumia hiyo hiyo badala ya kuunda mpya. Mzunguko wa miezi unapomaliza wa 12, `i` inabaki 13. Makro ya nje inaongeza moja, inapata 14, inaona 5 imeshapitwa, inafunga duka. Kwa macho ya SAS kazi imekamilika, kwa hiyo haina cha kulalamikia.

Na umepona. Kama mzunguko wa ndani ungekuwa wa mara mbili tu, `i` ingebaki 3, ya nje ingeifanya 4, wilaya ya nne ingechakatwa, `i` ingerudi 3, kisha 4 tena. Kompyuta ingeichakata wilaya ya nne mpaka umeme ukatike.

Dawa ni mstari mmoja, uwe wa kwanza ndani ya kila makro yenye mzunguko:

```
%macro miezi(wilaya);
  %local i;
  %do i = 1 %to 12;
    data safi_&wilaya._&i;
      set ghafi.&wilaya._&i;
    run;
  %end;
%mend miezi;
```

Angalia nukta iliyo baada ya `&wilaya`. Bila hiyo, SAS ingetafuta kigeu cha makro kinachoitwa `wilaya_` na isingekiona. Nukta inaonyesha jina limeishia hapo, kisha inatoweka yenyewe.

Unapotafuta kosa la namna hii washa `options mprint mlogic symbolgen;`. `mprint` inaonyesha msimbo ambao makro imeuandika, `mlogic` inaonyesha mzunguko ulivyokwenda, `symbolgen` inaonyesha kila kigeu kimegeuka nini. Ukimaliza zizime, maana logi ya kurasa 4 itakuwa ya kurasa 200 na hutaisoma tena.

Kuna jambo jingine kwenye msimbo wako ambalo hukuliuliza: `title 'Wilaya ya &wilaya';`. Ndani ya alama za kunukuu moja moja, makro haiguswi. Ripoti zako zote zitachapwa "Wilaya ya &wilaya". Tumia alama mbili mbili.

Shikamooni. Ndani ya data step (sehemu ya SAS inayosoma data mstari kwa mstari) nimeandika `%if umri > 60 %then`. Inakubali kila mtu, hata watoto wa miaka mitano. Nilipoondoa alama ya asilimia ikafanya kazi. Kwa nini?
*Mwanafunzi wa takwimu, Ubungo*

Marahaba. Makro haijui kama una data. Ni karani anayeandika msimbo kabla kazi yenyewe haijaanza, na wakati anaandika hakuna mstari hata mmoja wa data uliosomwa. Kwa hiyo kwake `umri` si safu. Ni herufi nne: u, m, r, i. Amezilinganisha na "60" kama maneno yanavyopangwa kwenye kamusi, na kwenye Windows na Linux herufi huja baada ya tarakimu. "umri" ni kubwa kuliko "60" leo, kesho na siku zote.

Tumia `if` tupu kwa jambo linalotegemea thamani iliyo ndani ya mstari wa data. Tumia `%if` kwa jambo linalojulikana kabla ya data kusomwa, kama jina la faili au mwaka wa ripoti. Ukitaka thamani itoke kwenye data iingie kwenye makro, ipitishe kwa `call symputx('jina', thamani);`, na uisome baada ya `run;`, si kabla.

Tumehama kutoka SAS kwenda Stata. Msimbo ule ule, data ile ile ya kaya, lakini wazee wa miaka 60 na zaidi wameongezeka. Mkurugenzi anauliza wazee hao wametoka wapi.
*Ofisi ya utafiti, Upanga*

Wametoka kwenye umri usiojazwa. Katika SAS thamani iliyokosekana ni ndogo kuliko namba yoyote. Katika Stata ni kubwa kuliko namba yoyote. Kwa hiyo `gen mzee = umri >= 60` inampa 1 kila mtu asiye na umri. Andika:

```
gen mzee = umri >= 60 if !missing(umri)
```

Usiridhike na `umri != .`, kwa sababu mbali na nukta tupu, alama yake ya thamani iliyokosekana, Stata ina nukta nyingine 26, kuanzia `.a` hadi `.z`, zote kubwa kuliko ile tupu, nazo zitapita hapo. `missing()` inazikamata zote.

Kabla hamjamcheka mtu wa Stata, rudini kwenye ripoti zenu za SAS. Popote penye `if umri < 18 then mtoto = 1;` watu wasio na umri waliingia kwenye watoto. Kilichobadilika baada ya kuhama ni upande tu. Kwa R, programu nyingine ya takwimu, hali ni ya tatu: `NA >= 60` inatoa `NA`, na ukichuja kwa mabano ya mraba, `kaya[kaya$umri >= 60, ]`, unaletewa mistari mizima ya `NA` ambayo mtu anayehesabu kwa `nrow` ataijumlisha.

Tumeona pia dodoso lenu linatumia 99 kwa "hajui". Dar es Salaam ina wazee wa miaka 99. Tumieni namba hasi, mfano -9 kwa hajui na -8 kwa aliyekataa, kisha mkifika Stata:

```
mvdecode umri, mv(-9=.a \ -8=.b)
```

Hapo sababu ya kukosekana inabaki imeandikwa, na wastani hauchafuki.

Orodha ya wateja wetu ina namba za NIDA (za kitambulisho cha taifa) na za simu. Nimeifungua Excel nikaihifadhi, nikaiingiza Stata. Sasa namba za NIDA za watu tofauti zinafanana, na simu hazipatikani zikipigwa.
*Msimamizi wa mikopo midogo, Kariakoo*

Tutaanza na habari mbaya. Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Excel inashika tarakimu 15 za mwanzo za namba yoyote na kugeuza zinazofuata kuwa sifuri. Kwako tarakimu 5 za mwisho zimekwenda, na kwenye faili hilo hazirudi kwa fomula yoyote. Zilizobaki ni tarehe ya kuzaliwa, ambayo ndiyo tarakimu 8 za mwanzo, na nyingine 7. Waliozaliwa siku moja wanaweza kuonekana mtu mmoja. Tafuta faili la asili lililotoka kwenye mfumo, lile ambalo halijawahi kufunguliwa kwa kubofya mara mbili. Ukilipata, likinge lisiandikwe juu yake kabla ya kufanya lolote.

Kitu kisichojumlishwa wala kugawanywa si namba, ni maandishi yaliyoandikwa kwa tarakimu. NIDA, simu, akaunti ya benki, namba ya mita, namba ya kaya: zote ziingie kama maandishi. Stata unaitajia safu zenyewe:

```
import delimited using wateja.csv, stringcols(3 4) varnames(1) clear
```

Hapo 3 na 4 ni nafasi za safu za NIDA na simu, zihesabu kutoka kushoto. Katika SAS achana na `proc import` kwa faili hili, soma kwa data step na uandike `nida :$23.`, ili zilizoandikwa kwa vistari vitatu nazo zienee. Katika Excel, usifungue faili kwa kulibofya. Lilete kupitia menyu ya Data na uweke safu hizo kuwa Text kabla halijaingia.

Simu zina ugonjwa mwingine. Excel imekula sifuri ya mwanzo, zikabaki tarakimu 9. Hiyo peke yake inatibika. Lakini kwenye msimbo wako kuna `gen simu2 = real(simu)`. Stata isipoambiwa aina, huunda `float`, aina ya namba yenye usahihi mdogo, na `float` inashika namba kamili bila hitilafu hadi 16,777,216 tu. Jaribu mwenyewe:

```
clear
set obs 1
gen x = 123456789
format x %12.0f
list
```

Utaletewa 123456792. Kwa namba za tarakimu 9 zinazoanza na 6 au 7, kama zilivyo simu zetu zikipoteza sifuri, `float` inahifadhi kwa hatua za 64. Wateja ambao simu zao zinapishana kidogo mwishoni wamekabidhiwa namba moja, na wengi hawana namba yao halisi.

Ukishapata simu kama maandishi, zisafishe hivi:

```
gen simu_safi = ustrregexra(simu, "[^0-9]", "")
replace simu_safi = "255" + substr(simu_safi, 2, 9) ///
    if strlen(simu_safi)==10 & substr(simu_safi,1,1)=="0"
replace simu_safi = "255" + simu_safi if strlen(simu_safi)==9
gen mbovu = strlen(simu_safi)!=12 | !regexm(simu_safi, "^255[67]")
list simu simu_safi if mbovu
```

Mstari wa kwanza unafuta kila kisicho tarakimu: nafasi, vistari, alama ya kujumlisha. Orodha ya mwisho isome kwa macho. Utakuta zenye tarakimu 13, ambazo mtu aliandika +255 kisha akaacha na sifuri, na utakuta seli zenye simu mbili zilizotenganishwa kwa mkwaju. Za kwanza unaweza kuziandikia mstari mwingine wa `replace`. Za pili zinataka uamuzi wa mtu, makro isipewe kazi hiyo.

Makarani wetu waliandika saa ambayo mgonjwa alifika kituoni kama alivyoitaja mwenyewe. Safu ina 2, 4, 8, 12. Muda wa kusubiri unatoka hasi kwa watu wengi. Kuna makro ya kugeuza saa ya Kiswahili?
*Mtafiti wa afya, Temeke*

Fomula ipo na ni fupi. Kinachosumbua ni kujua uitumie kwa nani.

```
gen saa24 = mod(mod(saa,12) + 6 + 12*usiku, 24)
```

`usiku` iwe 0 kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 11 jioni, na 1 kuanzia saa 12 jioni hadi saa 11 alfajiri. Saa 2 asubuhi inatoka 8, saa 6 mchana inatoka 12, saa 12 jioni inatoka 18, saa 6 usiku inatoka 0, saa 11 alfajiri inatoka 5. Sehemu ya `mod(saa,12)` ipo kwa ajili ya saa 12 peke yake. Wanaoandika `saa + 6` kavu hupata 18 kwa mgonjwa aliyefika alfajiri kushika foleni.

Neno "jioni" limekaa mpakani. Saa 11 jioni ni `usiku` = 0, saa 12 jioni ni `usiku` = 1. Kwa hiyo usikigeuze kipindi kuwa 0 au 1 kwa neno pekee. Tazama neno na saa kwa pamoja. Ndivyo ilivyo pia kwa saa 11 na saa 12 za alfajiri.

Sasa tatizo lenyewe. Nane kwenye safu yako inaweza kuwa saa nane mchana, yaani 14:00, au inaweza kuwa 8:00 ya karani aliyetazama simu yake. Namba haisemi. Lakini karani anasema: fanya `tab saa karani`. Kwenye kituo ambacho wagonjwa hufika asubuhi, karani mwenye 1 hadi 4 kwa wingi anaandika Kiswahili, na mwenye 7 hadi 10 kwa wingi anaandika ya simu. Watu hawabadiliki-badiliki katika hili. Akianza na mtindo mmoja, hukaa nao.

Ushahidi wa pili umo kwenye kishikwambi. Kama dodoso lilijazwa kwa ODK au KoboToolbox, programu za kukusanya data kwa kifaa, na aliyelitengeneza aliweka `start` na `end`, kila fomu ina saa iliyoandikwa na kifaa chenyewe. Mgonjwa hawezi kufika baada ya fomu yake kuanza kujazwa. Tengeneza safu mbili, moja ikichukulia saa ni ya Kiswahili, nyingine ikichukulia ni ya simu, kisha uondoe ile inayozidi `start`. Zikibaki zote mbili zinawezekana na karani naye haeleweki, weka `.s` na uripoti ni ngapi. Usikisie.

Dodoso lijalo liweke kitufe cha kuchagua kipindi karibu na saa.

Nimeunganisha faili la kaya la 2022 na idadi ya watu ya sensa ya 2012 kwa jina la wilaya. Ubungo na Kigamboni zimekosa namba. Nikatumia `merge m:m`, bado.
*Msomaji, Kigamboni*

Mwaka 2012 Dar es Salaam ilikuwa na wilaya tatu: Kinondoni 1,775,049, Ilala 1,220,611 na Temeke 1,368,881. Ubungo ilimegwa baadaye kutoka Kinondoni, na Kigamboni kutoka Temeke. Hakuna `merge` itakayokuletea mstari ambao haupo.

Njia salama ni kurudisha data mpya kwenye mipaka ya zamani, si kuigawa ya zamani kwa kukadiria:

```
gen w2012 = strupper(strtrim(wilaya))
replace w2012 = "KINONDONI" if w2012=="UBUNGO"
replace w2012 = "TEMEKE" if w2012=="KIGAMBONI"
merge m:1 w2012 using sensa2012
tab w2012 _merge
assert _merge==3
```

`strupper` na `strtrim` hazikwepeki, maana "Kinondoni" yenye nafasi mwishoni ni wilaya nyingine kabisa kwa Stata. Kama kuna anayeandika "Ilala" na mwingine "Jiji la Dar es Salaam", waongezee mstari wa `replace`. Halmashauri ya Ilala ilipewa hadhi ya jiji 2021 na majina yote mawili yanatumika. `assert` itasimamisha kazi papo hapo palipo na jina lililosalia, nasi tunaipenda kwa sababu hiyo: inapiga kelele.

`m:m` iache kabisa. Inaoanisha mstari wa kwanza na wa kwanza, wa pili na wa pili, ndani ya kila wilaya, kwa mpangilio wowote uliokuwepo kwenye faili. Ukipanga faili upya, jibu linabadilika.

Kisha usijumlishe safu ya idadi ya watu baada ya kuunganisha. Sasa imerudiwa kwenye kila kaya. Chukua mstari mmoja kwa kila wilaya:

```
egen moja = tag(w2012)
total idadi if moja
```

Jumla irudi 4,364,541. Ikitoka vinginevyo, usiendelee.

Maelezo ya wateja yanakatika katikati ya neno yakiingia SAS kutoka CSV.
*Msomaji, Mbezi*

`proc import` inasoma mistari 20 ya mwanzo na kuamua urefu wa safu kwa hiyo. Ongeza `guessingrows=max;`. Itachukua muda zaidi kwenye faili kubwa, vumilia.

Stata inasema `local` yangu haina kitu, na nimeiandika mstari wa juu tu.
*Msomaji, Sinza*

Umechagua mistari michache ukaiendesha peke yake. `local` ni kigeu cha muda, hufa pale kipande ulichochagua kinapoisha. Endesha faili zima, au chagua kuanzia mstari wa `local` wenyewe.

Naomba makro moja ya SAS ya kukagua namba za kaya zilizojirudia, inayosimamisha kazi ikizikuta.
*Meneja data, Kijitonyama*

```
%macro rudufu(data=, ufunguo=);
  %local n;
  proc sort data=&data out=_rudufu
            nouniquekey uniqueout=_pekee;
    by &ufunguo;
  run;
  proc sql noprint;
    select count(*) into :n trimmed from _rudufu;
  quit;
  %if &n > 0 %then %do;
    %put ERROR: &data: mistari &n inagombania &ufunguo;
    %abort cancel;
  %end;
%mend rudufu;

%rudufu(data=kaya, ufunguo=kaya_id)
```

Tumekwepa `nodupkey` kwa makusudi. Ile inabakiza mstari wa kwanza na kutupa wengine, nawe huna njia ya kujua kama wa kwanza ndiye sahihi. `nouniquekey` inakuwekea wote wanaogombania namba moja ndani ya `_rudufu`, mmoja chini ya mwingine, uwalinganishe. Mara nyingi utakuta ni kaya mbili tofauti ambazo makarani wawili walizipa namba moja, na kufuta mojawapo ni kupoteza kaya.

Neno `ERROR:` mwanzoni mwa `%put` linafanya ujumbe utoke mwekundu kwenye logi. Weka makro hii kila baada ya kusoma faili jipya na kabla ya kila `merge`.